Shirika la Nyumba Lilikuaje, na Tabora Ijifunze Nini

Mwenye nyumba mkubwa kuliko wote Tanzania ni Shirika la Nyumba la Taifa, NHC. Wengi wakitazama minara yake ya Dar es Salaam huona saruji, nondo na vioo. Lakini majengo hayo ni matokeo tu. Shirika lilikua kwa mambo matatu yaliyofuatana: kwanza lilipata ardhi ya katikati ya miji, kisha sheria ikalipa uhuru wa kupanga bei, mwisho likapata njia ya kujenga kwa fedha za watu wengine. Anayetaka kujua kwa nini ukuaji huo umeonekana Dar es Salaam na si Tabora, achambue hatua hizo moja moja.

NHC iliundwa kwa sheria ya mwaka 1962, miezi michache baada ya Uhuru. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kijamii: kubomoa vibanda vibovu, hasa Dar es Salaam katika maeneo kama Magomeni, na kujenga nyumba za bei ndogo, nyingine za kupangisha, nyingine za mpangaji kununua kwa kulipa polepole. Fedha zilitoka serikalini na kwa wafadhili. Kasi ya ujenzi ikafuata mfuko wa Hazina: ulipojaa nyumba zilijengwa, ulipopungua mafundi walirudi kwao. Kwa mtindo huo shirika lilitoa huduma, ila halikuweza kujikuza.

Hatua iliyolipatia shirika mtaji haikuhusu ujenzi hata kidogo. Mwaka 1971 Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majengo. Jengo la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000 liliweza kuchukuliwa na Serikali, na lile lililokuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi mwenyewe hakulipwa fidia. Majengo hayo yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 ofisi ya Msajili ilivunjwa na mali yake ikaunganishwa na NHC. Kwa siku moja shirika lililozoea nyumba ndogo za pembezoni likawa na maghorofa ya Kariakoo, Upanga na Posta, pamoja na majengo ya biashara katika miji ya mikoani, Tabora ikiwamo.

Hapa inafaa tuitazame Tabora kwa karibu, kwa sababu mji huu ulijua thamani ya jengo lililo mahali pazuri kabla ya kuwapo kwa shirika lolote. Katikati ya karne ya 19, misafara kutoka Bagamoyo na Saadani ilisimama Unyanyembe, eneo la Tabora, kabla ya njia kugawanyika, nyingine ikielekea Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Mzigo uliweza kukaa miezi ukisubiri wapagazi, au ukisubiri vita vya mtemi Mirambo vitulie. Pembe na vitambaa vilihitaji mahali pa kulala salama. Tembe la Kwihara, alimokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya Stanley kumkuta Ujiji, limejengwa kwa hesabu hiyo: kuta nene za udongo, paa bapa lisiloshika moto kirahisi kama nyasi, na vyumba vinavyozunguka ua wa ndani. Ni ghala ambalo watu pia waliishi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi yalifuata mantiki ileile: duka na baraza mbele, familia nyuma au ghorofani, stoo uani. Majengo ya namna hiyo, yakiwa ya kupangisha, ndiyo sheria ya 1971 iliyolenga.

Basi kufikia 1990 NHC ilikuwa tajiri wa mali na maskini wa fedha. Sheria ya udhibiti wa kodi za pango ilizuia kupandisha kodi bila kibali, huku thamani ya shilingi ikishuka. Mpangaji wa katikati ya mji alilipa kiasi kisichotosha hata kupaka rangi. Paa lilivuja, mabomba yalikatika, na wengine walikipangisha chumba cha shirika kwa mtu wa tatu kwa bei ya soko, faida ikabaki kwao.

Ufunguo ulikuja mwaka 2005. Marekebisho ya sheria yaliondoa udhibiti wa kodi na kuliruhusu shirika lijiendeshe kibiashara: likope, liingie ubia, lijenge na kuuza. Mwaka 2008 zikaja sheria nyingine mbili ambazo umuhimu wake haupungui. Moja iliruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu ya jengo, yaani kumiliki nyumba iliyo ghorofa ya tano bila kumiliki kiwanja kizima. Nyingine iliimarisha rehani ya nyumba, benki ikapata njia iliyo wazi ya kudai nyumba pale mkopaji aliposhindwa kulipa. Mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo ya nyumba. Bila sheria hizi, ghorofa la kuuza lingebaki mchoro.

Mwaka huohuo wa 2010 uongozi wa NHC ulikabidhiwa Nehemia Mchechu, aliyetoka kwenye benki, na ubenki ulionekana kazini. Shirika lilijiwekea lengo la nyumba 15,000 katika miaka mitano, likapandisha kodi kuelekea bei ya soko, likatumia mapato hayo na mali yake kama dhamana ya mikopo ya benki za biashara, na likaanza kuuza nyumba zikiwa bado kwenye ramani. Mnunuzi wa nyumba katika miradi ya Victoria Place au Eco Residence alitanguliza malipo, na malipo hayo yakasaidia kumlipa mkandarasi. Kila shilingi ya shirika ikafanya kazi pamoja na shilingi ya benki na ya mnunuzi.

Hesabu hiyo ina udhaifu wake. Miradi mikubwa kama Morocco Square na 711 Kawe ilisimama kwa miaka kadhaa kwa kukosa kibali cha kuendelea kukopa, na ikarudi kazini baada ya kibali kupatikana. Jengo lililosimama nusu halikusanyi kodi, ila riba ya mkopo wake haisimami. Somo lake ni la wazi: anayekua kwa mkopo asianze minara mingi kwa mpigo kabla fedha ya kuimaliza haijahakikishwa. Sera mpya ya ubia iliyozinduliwa mwaka 2022 ni jibu mojawapo, hasa Kariakoo: shirika linaleta kiwanja chenye jengo chakavu, mwekezaji analeta fedha, wanagawana jengo jipya.

Sasa tuilete hesabu hii Tabora. Tuchukue nyumba ya Sh milioni 60, mkopo wa miaka 15, riba ya asilimia 15, kiwango cha kawaida nchini ambako riba za nyumba zimekuwa kati ya asilimia 13 na 19. Rejesho la kila mwezi ni takriban Sh 840,000. Ikiongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, bei inafika Sh milioni 70.8 na rejesho linakaribia Sh 991,000. Mwalimu wa Isevya au muuguzi wa hospitali ya Kitete hawezi, na mkulima wa tumbaku anayelipwa kwa msimu hana hati ya mshahara ya kuonyesha benki. Ndiyo maana mikopo yote ya nyumba nchini iko chini ya asilimia 1 ya pato la taifa. Watu wa Tabora hujenga kidogo kidogo: kiwanja mwaka huu, tofali za kuchoma mwakani, bati mavuno yakikubali. Hilo ndilo soko halisi, na kampuni yoyote itakayokuja na ghorofa la kuuza kwa bei ya Dar es Salaam itabaki nalo.

Lakini mji unabadilika. Mikataba ya reli ya kisasa imetiwa saini kwa vipande vitatu vinavyokutana Tabora: Makutupora hadi Tabora kilomita 368, Tabora hadi Isaka kilomita 165, na Tabora hadi Kigoma kilomita 506. Maji ya Ziwa Victoria yameshafika, kupitia mradi uliojengwa kwa mkopo wa India. Njia panda ya misafara inarudi kuwa njia panda ya mizigo, na kitakachohitajika kwanza ni kilekile cha zamani: maghala, vyumba vya kulala, maduka, na viwanja vya wafanyakazi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. NHC itumie ubia kwenye majengo yake ya katikati ya Tabora, kwa majengo ya ghorofa chache yenye maduka chini, yanayojilipa kwa kodi. Pembezoni, iuze viwanja vilivyopimwa vyenye barabara, maji na umeme, kama ilivyouza viwanja Safari City kule Arusha, mnunuzi ajenge kwa kasi ya mfuko wake. Manispaa nayo ipime ardhi na kutoa hati leo, kabla madalali hawajaigawa kwa hatua za miguu. Historia ya shirika hili inaonyesha kwamba aliyeshika ardhi mapema, kwa sheria safi, ndiye aliyekua. Madiwani wa Tabora, kazi hiyo ni yenu, na isingoje treni ya kwanza.