Filamu ya munganga, na muuguzi je?

L'Homme qui répare les femmes (2015), filamu ya Thierry Michel juu ya Dokta Mukwege wa Panzi, ina nguvu kweli. Serikali iliikataza, kisha ikaiachilia mwaka uleule. Lakini jina lake linanisumbua: mtu moja, munganga, anatengeneza. Fistula haitoki kwa ubakaji tu. Nyingi duniani zinatoka kwa uchungu wa kuzaa unaokawia, mtoto akikwama siku mbili. Na kwenye vituo vya afya vya vijijini, huku kwetu Haut-Lomami, mara nyingi munganga hakuna. Kuko muuguzi na karatasi yake ya partogramu. Yeye ndiye anapashwa kuona mlango wa uzazi haufunguki, aseme: mpelekeni Kamina leo, si kesho. Filamu ya huyo ningeitazama, hata kama inachosha.