Robo Mzunguko

Fundi asiyeijua kabureta utamtambua kwa haraka ya bisibisi. Mwenye pikipiki hajamaliza hata kueleza, mkono tayari uko kwenye skrubu. Anayeijua huanza na swali: inakusumbua ukiwa umevuta resi kiasi gani? Swali lenyewe dogo, lakini nusu ya kazi imo humo.

Kabureta ya Boxer au TVS, hizi za bodaboda, haipeleki petroli kwa njia moja. Resi ikiwa imefungwa au imevutwa hadi kama robo, anayehudumu ni jeti ndogo pamoja na skrubu yake. Kutoka robo mpaka robo tatu, zamu ni ya sindano inayopanda na kushuka ndani ya tundu lake. Ukivuta hadi mwisho, jeti kubwa ndiyo inayoamua. Kwa hiyo pikipiki inayozimika kwenye foleni lakini ikikimbia inakwenda safi, haina ugonjwa wa jeti kubwa. Na ile inayokufa nguvu mlimani, resi yote ikiwa mkononi, haitaponywa na skrubu ya sailensa, yaani ya mngurumo wa bila resi, hata uizungushe mpaka magharibi.

Vitabu vinasema gramu 1 ya petroli inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Chini ya mwarobaini, mafundi wanapofanyia kazi, hakuna mizani ya kupima hayo. Kuna sikio, pua na plagi. Plagi yenye rangi ya kahawia imeshiba sawasawa. Yenye masizi makavu meusi inatoka kwenye mchanganyiko mzito. Nyeupe kama chokaa inalalamika kwamba petroli haitoshi na joto limezidi. Lakini plagi ni shahidi anayekumbuka jambo la mwisho tu. Ukiiacha injini ingurume kwa sailensa kisha ukaifungua, utasoma habari za sailensa. Anayetaka habari za jeti kubwa aende barabara iliyo wazi, avute resi yote kwa muda, abane klachi na kuzima injini papo hapo, pikipiki iserereke yenyewe hadi isimame; hapo ndipo afungue. Hata hivyo petroli ya siku hizi, isiyo na risasi, haiachi rangi iliyokolea kama ile ya zamani, na anayeitegemea plagi peke yake atadanganyika mara nyingi.

Mimi kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni choki. Injini ikiwa imepata moto na bado inakwama unapovuta resi, nyanyua choki kidogo. Ikichangamka, ilikuwa na njaa ya petroli. Ikizidi kulemewa na kukohoa, ilikuwa imeshiba kupita kiasi. Hakuna kilichofunguliwa, hakuna spea iliyonunuliwa, na tayari unajua uelekee wapi.

Hata hapo usikimbilie skrubu. Chujio la hewa lililojaa vumbi hufanya mchanganyiko uwe mzito. Mpira unaounganisha kabureta na hedi ukipata ufa, hewa ya wizi huingia na kuufanya mwepesi. Ekzosi ikipiga risasi unapoachia resi mteremkoni, huenda ni mchanganyiko mwepesi, huenda pia ni gasketi ya ekzosi inayovuja tu. Kurekebisha kabureta ili kuficha ufa wa mpira ni kuharibu vitu viwili kwa mkupuo mmoja. Wapo pia wanaozibua jeti kwa kipande cha waya wa chuma, wakapanua tundu ambalo kiwanda kilipima kwa sehemu za milimita. Hao sina la kuwatetea.

Yote hayo yakishakuwa safi, ndipo bisibisi ina haki yake. Injini iwe ya moto. Skrubu ya jeti ndogo ikiwa upande wa injini, kwa kawaida inatawala petroli, na ukiifungua unaongeza. Ikiwa upande wa chujio inatawala hewa, na ukiifungua unapunguza uzito wa mchanganyiko. Asiyelijua hilo hutibu kinyume. Zungusha robo, kisha ngoja, maana injini haijibu saa hiyo hiyo. Sauti ikipanda, robo nyingine. Ikianza kuyumba, rudi nyuma. Halafu shusha sailensa, uanze tena. Ni usikivu ule wa mpiga kanuni wa taarabu anayekaza uzi huku wenzake wamenyamaza.

Na usahihi wenyewe una mahali pake. Pikipiki iliyopangwa vizuri Dar es Salaam, usawa wa bahari, ikifika Mbeya, karibu mita 1,700 juu, itakuta hewa nyepesi, nayo kabureta haina habari. Mchanganyiko unakuwa mzito. Fundi wa huko huishusha sindano kwa kuhamisha kipini chake ngazi moja juu, au hutia jeti ndogo zaidi. Mashine zenye kompyuta hujirekebisha zenyewe.

Kazi hii ina msiba mmoja, nao ni malipo. Mteja anauliza, "Umebadilisha nini?" Jibu la kweli ni kwamba hakuna kilichobadilishwa, ni robo mzunguko tu, basi naye anatoa hela ya soda. Ndiyo maana mafundi wengine hukuwekea plagi mpya wakati ya zamani ni nzima, ili uwe na kitu cha kushika mkononi unapolipa.