Dakika 45 za maharagwe

ASK, chama cha kilimo cha Kenya, ni cha mwaka 1901, na maonyesho yake ya Mamboleo, hapa Kisumu, bado ni ya ng'ombe na mahindi. Vyombo vya jikoni vimejipenyeza tu. Mimi lakini nikilipa langoni hupita ng'ombe na matrekta bila kugeuka, nikatafuta pa kusimama kwenye mabanda ya vyombo, na nikishasimama siondoki upesi.

Waonyeshaji ni wa aina mbili. Wa kwanza ana kipaza sauti na kikata mboga cha plastiki. Anakata karoti, anakata kabeji, anakata na bei, inashuka kila anapovuta pumzi. Namheshimu kwa mapafu yake. Ila mama mboga yeyote wa soko la Kibuye, sukuma wiki imeviringishwa kiganjani, kisu kimenolewa mpaka kimebaki ukanda, atamshinda huku akipiga soga na mteja. Niliwahi kununua kikata mboga kama kile. Wembe wake ulishika kutu kabla ya kabeji la pili.

Wa pili ndiye ninayemfuata. Ni mama wa makamo, amejifunga aproni ya buluu, anaonyesha sufuria ya presha ya stima. Kazi yake ni ngumu kuliko ya jirani yake, kwa kuwa karoti hukatwa mbele ya macho lakini maharagwe hupikika gizani. Akishafunga kifuniko, kwa dakika 45 hana cha kuonyesha.

Basi huanzia kwenye mikono ya watu. Huwamwagia akina mama wa mbele maharagwe makavu, hayajalowekwa, na kuwaomba wamsaidie kuchambua mawe. Nani ataondoka na maharagwe ya mwenyewe mkononi? Na aliyeyachambua hatasema baadaye kwamba yalichemshwa usiku.

Akishafunga, hasemi kuhusu usalama hata neno moja. Husubiri presha ipande, kisha humwita kijana mwenye misuli ajaribu kufungua. Kijana anakaza, kifuniko hakitoki. Watu wanacheka, na ile hofu ya kulipukiwa waliyokuja nayo inapungua.

Kisha huwachokoza. "Mtu wa Mombasa anawahi kuivisha maharagwe kuliko nyinyi," anasema, "na si kwamba mkono wake ni mzuri." Wanaguna. Mtu wa Kisumu hapendi kuambiwa hivyo. Lakini ni kweli: ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye digrii 96 hivi, si 100. Sukuma kuni utakavyo chini ya sufuria ya kawaida, utapata mvuke mwingi zaidi, maji hayatazidi joto lile. Ndani ya presha mvuke hauna pa kutokea, unabana, na maji yanafika kama digrii 115. Ndiyo sababu nyoyo ya mahindi na maharagwe, ile ya kuteketeza debe la makaa, hapa inaiva kabla mtoto hajarudi kutoka dukani.

Kando ya sufuria kuna kimita kidogo kimechomekwa kwenye soketi. Mama hakitaji kabisa. Wengi wameshasikia Pika na Power, kampeni ya Kenya Power, na bado wanahofia tokeni zao za stima. Anawaacha wainame wajisomee. Mara ya mwisho nilipomtazama, mpaka mwisho wa mapishi hakikufika nusu yuniti.

Katikati ya mapishi hayo stima ya banda ikakatika. Kipaza sauti cha jirani kikafa naye akabaki ameduwaa, karoti mkononi. Mama akaifunika sufuria kwa taulo nene, akaendelea kukunja leso. "Moto umeshaingia," alisema, "utatokea wapi?" Stima iliporudi akatoa taulo, akabonyeza kitufe.

Ninachokingojea mimi ni mvuke. Hageuzi kiziba cha mvuke kwa vidole. Hukisukuma kwa mpini wa mwiko, mkono uko mbali, uso ameugeuzia pembeni, halafu hunyamaza. Mvuke unapiga mluzi, watu wanarudi nyuma hatua moja, harufu inafika nyuma kabisa ya umati. Muuzaji mwingine angepaza sauti hapo. Yeye hungoja mpaka kipini kidogo cha kifunikoni kianguke, ndipo afungue.

Harage la kwanza hakula yeye. Alimpa mzee aliyekuwa akibisha tangu mwanzo. Mzee akalibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada, likapondeka. Akatafuna taratibu, watu wote wanamtazama mdomo.

"Limeiva," akasema. "Chumvi haimo."

"Chumvi ni ya mwenye nyumba, baba."

Nilihesabu sufuria tano zikitoka bandani saa ile. Mimi sikununua. Ninayo yangu tangu mwaka jana, na niliinunua kwake.