Kumpima Shujaa Aliyegeuzwa Mwovu

Kumvika Superman joho jeusi na kumtia macho mekundu hakuhitaji kipaji. Ukikuta kitabu cha katuni kisicho na zaidi ya hapo, kirudishe rafuni. Uliza kwanza: ni jambo gani hasa limegeuzwa? Kazi bora hugeuza jambo moja, kisha hulifuata hadi mwisho wake.

Gardner Fox na mchoraji Mike Sekowsky walilijua hilo mwaka 1964, walipolileta genge la Crime Syndicate katika Justice League of America namba 29. Kwenye Dunia Namba Tatu wanakotoka wahalifu hao, Columbus ni Mmarekani aliyevumbua Ulaya, na Rais Booth anauawa na mwigizaji Abraham Lincoln. Huo ni utani tu, tena mtamu. Kito chenyewe ni Ultraman, Superman wa genge hilo. Kriptonaiti, inayomlegeza Superman, humpa yeye nguvu mpya kila akikutana nayo. Basi kile kinachomkumbusha mmoja kwamba ana mipaka humlevya mwenzake kwa kiburi.

Kipimo cha pili ni kigumu zaidi: je, mwovu huyu anakuonyesha jambo jipya juu ya shujaa mwenyewe? Hapa namtazama Owlman, Batman wa genge hilo hilo, katika JLA: Earth 2 (2000), kazi ya Grant Morrison na Frank Quitely. Batman alifiwa na wazazi wote wawili. Owlman alifiwa na mama na mdogo wake, Bruce; baba akabaki hai, na sasa ndiye mkuu wa polisi. Uhalifu wote wa mwana unamlenga mzee huyo. Msiba ni ule ule, ila huyu ana mtu wa kumlaumu, na ghafla unaona jinsi Batman alivyokuwa karibu na shimo. Tena Luthor, adui wa Superman tuliyemzoea, ndiye shujaa wa dunia ya Owlman. Mwovu asiye na mpinzani wa maana huchosha haraka.

Injustice, ya mwaka 2013, inafaulu nusu. Joker anamhadaa Superman hadi amuue mkewe Lois, mjamzito. Chanzo kina uzito, lakini vita vinarefuka mno. Na Batman Who Laughs wa 2017, Batman aliyegeuka kuwa kama Joker? Sura ya kutisha, miiba usoni, maneno mengi. Afadhali bango lake kuliko hadithi zake.

Mwenye fedha ya kitabu kimoja tu anunue Earth 2.