Kurasa za Darwin

Desemba 1856 Charles Darwin alizikata kurasa za madaftari yake mwenyewe, yale aliyoanza kuyajaza mwaka 1837 kuhusu chimbuko la viumbe. Ndani ya daftari la kwanza aliandika kwamba kurasa zote za manufaa zimekatwa, akatia na tarehe: 7 Desemba.

Anayependa madaftari atasikitika. Kwangu, hiyo ndiyo hatua iliyobeba kazi nzima. Daftari hupanga mambo kwa siku yalipopatikana, na hoja haifuati kalenda: alichokisoma Jumatatu huenda mahali pake ni sura ya mwisho. Karatasi ikishakatwa, inakwenda inakohitajika.

Kwa Darwin, kurasa zilizokatwa zilikwenda kwenye majalada makubwa 30 hadi 40, yaliyokaa kabatini kwenye rafu zenye lebo, kila jalada na mada yake. Kitabu alichokinunua alikiandikia nyuma faharasa fupi ya mambo yaliyomhusu. Cha kuazima alikitolea muhtasari, na mihtasari hiyo ilijaza mtoto mzima wa meza. Alipotaka kuandika juu ya jambo, alipitia faharasa zote, akaunda moja ya jumla, kisha akatoa jalada husika. Kila alichowahi kukusanya kuhusu jambo hilo kilikuwa mbele yake.

Hata hapo hakuanza kuandika. Alichora mpango wa kurasa 2 au 3, kisha mwingine mrefu zaidi, ambamo neno moja lilisimama badala ya mjadala mzima. Vichwa hivyo alivipanua, na mara nyingi alivihamisha. Shuleni tulifundishwa kuorodhesha vidokezo vya insha, tukivipa namba vikawa kama sheria. Vya Darwin vilihama vingali neno moja moja, na hapo ndipo kuhama kunapokuwa rahisi. Aya iliyokwisha kunyooshwa mwandishi huipigania ibaki palepale, hata inapoharibu hoja.

Juni 1858 ilimfikia barua ya mwanasayansi mwenzake, Alfred Russel Wallace, yenye wazo lilelile alilokuwa nalo Darwin kuhusu chimbuko la viumbe. Wakati huo Darwin alikuwa na mswada mrefu usiokwisha juu ya wazo hilo. Aliufupisha, akaendelea na sura zilizobaki, na Novemba 1859 kitabu kikatoka London. Sentensi zenyewe hakuzibembeleza: baadaye alieleza kwamba alikuwa akiparaza kurasa nzima upesi, nusu ya maneno yakiwa yamefupishwa, ndipo akirudi kuzisahihisha taratibu.