Ubora wa Siku ya Kuongozwa: Vigezo vya Kupima Ratiba ya Msafara wa Faragha katika Bustani ya Burudani

Ratiba za kutembelea bustani za burudani, yaani viwanja vikubwa vilivyojengwa kwa kufuata hadithi au mandhari maalumu na kujazwa vyombo vya kupanda, maonyesho na migahawa, zimekuwa zikisifiwa kwa kipimo kimoja tu, nacho ni idadi ya vivutio alivyopitishwa mgeni kati ya asubuhi na usiku. Ratiba ya vivutio 20 hutajwa kuwa bora kuliko ya vivutio 12, kana kwamba mgeni ni shehena inayopitishwa forodhani na aliyepitisha nyingi ndiye fundi. Sifa za namna hiyo zimeenea kiasi cha kuwafanya hata watu wenye uzoefu wazirudie bila kufikiri, na ndizo zinazolazimisha vigezo vya kazi hii viwekwe wazi, kwa sababu kupanga siku ya msafara wa faragha ni ufundi, na ufundi mbovu hauwi mzuri kwa kupigiwa makofi.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni Walt Disney World, eneo lililoko karibu na Orlando katika jimbo la Florida nchini Marekani, lililofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 na ambalo leo lina bustani nne: Magic Kingdom ya tangu mwanzo, EPCOT ya mwaka 1982, Hollywood Studios ya mwaka 1989 na Animal Kingdom ya mwaka 1998. Humo mgeni anaweza kumkodi mwongozaji wa faragha, anayetambulika kwa kizibao chake cha mirabamiraba, kwa muda usiopungua saa 7 mfululizo na kwa msafara wa watu wasiozidi 10. Malipo ni mamia ya dola kwa kila saa, hupanda na kushuka kulingana na msimu, na hayajumuishi tikiti za kuingilia. Desturi yenyewe ni ya zamani kuliko Florida, kwani ilikuzwa katika bustani ya Disneyland kule California, iliyofunguliwa mwaka 1955, ambako Cicely Rigdon, aliyeanza kazi kama muuza tikiti, alikabidhiwa mwaka 1959 jukumu la kuijenga idara ya waongozaji.

Ubatili wa kuhesabu vivutio hudhihirika mara tu mtu anapozingatia jinsi mwongozaji huyo anavyofanya kazi. Yeye huwaingiza wageni wake kwa njia ya haraka, ambayo ni foleni fupi iliyotengwa kando ya ile ya watu wote, na akihitaji kuwahamisha kutoka bustani moja hadi nyingine huwapakia garini na kuwapitisha nyuma ya pazia, sehemu ambazo mgeni wa kawaida hazioni. Kwa hiyo idadi kubwa ya vivutio ni matokeo ya fedha iliyolipwa, na haisemi lolote kuhusu akili ya aliyepanga. Hata kwa wasiokuwa na mwongozaji, suala la mpangilio gani wa vivutio utapunguza kusubiri limekwisha kushughulikiwa na kompyuta: Len Testa, mtaalamu wa fani hiyo, aliliendea kama aina ya tatizo maarufu la kihisabati la mchuuzi anayetafuta njia fupi ya kuzuru miji yote, tofauti ikiwa kwamba hapa urefu wa njia hubadilika kila saa kwa kufuata wingi wa watu. Kazi iliyoweza kufanywa na mashine haipaswi tena kuwa kipimo cha fundi.

Kigezo cha kwanza ni jambo linalomtenga fundi na mbabaishaji, ambalo asiye mjuzi hulipita bila kuliona hata likiwa mbele ya macho yake, nalo ni kimo cha mtoto aliye mfupi kuliko wote katika msafara. Kila chombo chenye mwendo mkali kina kimo cha chini kinachoruhusiwa, kwa sababu vizuizi vya viti vimesanifiwa kumshika mtu wa umbo fulani na si pungufu ya hapo. Seven Dwarfs Mine Train huhitaji sentimita 97, Space Mountain na Expedition Everest sentimita 112, na TRON, iliyofunguliwa Florida mwaka 2023, sentimita 122. Kipimo huchukuliwa langoni na mhudumu mwenye fimbo au ubao wa alama, mtoto akiwa amevaa viatu, na nywele zilizofungwa juu hazihesabiwi. Mwongozaji wa faragha hana mamlaka yoyote juu ya fimbo hiyo, hata kama mgeni wake amelipa maelfu ya dola, na hapo ndipo ratiba nyingi zinazosifiwa huvunjika, kwa kuwa mpangaji alikuwa ameuliza umri wa watoto badala ya kimo chao, na umri haupimwi langoni.

Athari ya kosa hilo haiishii kwenye machozi ya mtoto mmoja. Mtoto akikataliwa, msafara hugawanyika palepale bila maandalizi: mama hubaki naye kwenye benchi iliyo karibu na vyoo, baba huingia na wakubwa huku moyo wake ukiwa nje, na wote wanapokutana tena saa imekwisha kuliwa na furaha imepungua. Upo utaratibu wa kutatua hali hiyo, unaoweza kuitwa zamu ya walezi, ambao humruhusu mtu mzima mmoja kubaki na mtoto wakati wengine wakipanda, kisha naye akapanda bila kuianza foleni upya. Mpangaji wa kawaida huutaja utaratibu huu na kudhani kwamba amemaliza kazi. Fundi huanzia hapo, kwani kwake swali la maana ni mtoto atakuwa wapi katika dakika hizo na atakuwa akifanya nini, na jibu lake hupangwa siku nyingi kabla ya safari. Kila kivutio kinachomkataa mdogo hupewa kivutio mwenza cha jirani kisichomkataa: wakubwa wakiwa TRON, mdogo hupanda PeopleMover, treni ndogo ipitayo juu ya vichwa vya watu kwa mwendo wa taratibu, ambayo haina sharti la kimo; wakubwa wakiwa Seven Dwarfs Mine Train, mdogo yuko hatua chache tu kutoka hapo ndani ya kivutio cha hadithi ya Winnie the Pooh. Ikipangwa hivyo, mtoto hajui kwamba aliachwa, na kutojua kwake ndiyo alama ya kazi iliyotimia.

Mafundi huongeza jambo jingine ambalo halimo katika maelezo rasmi. Kwa kuwa uti wa mgongo hubanwa kwa kusimama na kutembea, mtu huwa mrefu kidogo anapoamka kuliko anapokwenda kulala, hivyo mtoto aliye mpakani, ambaye kimo chake kinalingana barabara na alama, hupelekwa kwenye chombo hicho mwanzoni mwa siku, naye huwa amevishwa viatu vyake vya kawaida na si ndala. Hiyo ni busara halali. Kujaza karatasi ndani ya viatu ni hila, na wanaoifanya hudhani kuwa wamemlaghai mhudumu, ilhali wamemwingiza mtoto katika kiti ambacho hakikuundwa kumshika. Mpangaji anayetoa ushauri wa aina hiyo hastahili kuitwa mpangaji. Inasimuliwa kwamba Walt Disney mwenyewe alikuwa akichutama katikati ya ujenzi wa bustani yake ili aone majengo kwa macho ya mtoto, na kuwataka wasanifu wake wafanye vivyo hivyo. Masimulizi hayo, yawe yametiwa chumvi au la, yanaonyesha kwamba wazo la kupima siku nzima kwa aliye mfupi lilikuwepo tangu mwanzo, likasahauliwa baadaye na wanaohesabu vivutio.

Hila kubwa zaidi katika historia ya kazi hii ilifichuliwa mwezi Mei 2013, gazeti la New York Post liliporipoti kwamba baadhi ya familia tajiri za Manhattan zilikuwa zikiwakodi watu wenye ulemavu wajifanye ndugu zao katika Walt Disney World, kwa zaidi ya dola 1,000 kwa siku, ili zinufaike na msaada uliowekwa kwa ajili ya watu hao. Oktoba ya mwaka huohuo utaratibu wa zamani wa kadi za msaada uliondolewa na mwingine ukawekwa, ambao humpa mhusika saa ya kurudi badala ya kumwingiza papo hapo, na waliopata taabu zaidi ni wale waliokuwa na haja ya kweli. Wapo waliouita ulaghai ule werevu wa kupanga, na jambo hilo linatosha kueleza hali ya sifa katika uwanja huu.

Kigezo cha pili ni namna ratiba inavyopita mahali pasipo na chombo cha kupanda. Ndani ya Animal Kingdom kuna kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki kiitwacho Harambe, ambacho Joe Rohde na wasanifu wenzake walikijenga kwa kuiga majengo ya Lamu: kuta zenye mfano wa chokaa iliyobanduka, milango mizito na vichochoro vyembamba, huku mapaa ya nyasi yakiezekwa na mafundi wa Kizulu walioletwa kutoka Afrika Kusini. Maandishi ya Uhuru 1961 yamechongwa humo kama kumbukumbu ya taifa ambalo halikuwahi kuwepo, na mzungumzaji wa Kiswahili anayezuru kijiji hicho hukuta maneno yake ya kila siku yamepakwa kutani Florida. Ratiba nyingi hukifanya kijiji hiki njia ya kukimbilia Kilimanjaro Safaris, safari ya lori lililo wazi pembeni ambayo huchukua takriban dakika 20. Kuna jambo la kuchekesha, na pengine la kusikitisha, katika kuwaona wageni wakikimbizwa mbele ya mfano wa Lamu, mji wa punda na mwendo wa taratibu. Mwongozaji mzuri husimama hapo, akaonyesha ufa uliotengenezwa kwa makusudi ukutani, akaeleza kwa nini msanifu aligharamia uchakavu, kisha akanyamaza. Safari ya lori yenyewe ifanywe asubuhi. Anayeiweka saa nane mchana, wakati wanyama wamejilaza kivulini, ameonyesha kwamba hajali.

Kiwango cha kazi kilikuwa juu zaidi zamani, na sababu si ngumu kuipata. Hadi mwaka 1982 vivutio vililipiwa kwa vitabu vya tikiti zenye herufi A hadi E, ambapo E ilikuwa ya vivutio vikubwa na kila mgeni alikuwa nazo chache, hivyo mpangaji alilazimika kuchagua. Mwaka 1999 ukaja utaratibu wa FastPass, ambao ulitoa bure kikaratasi chenye saa ya kurudi, na misafara ikawa na mtu wake mmoja mwenye mbio aliyekusanya tikiti za wote na kwenda kuzichukulia vikaratasi upande wa pili wa bustani wakati wenzake wakila. Uchache ulifundisha uteuzi. Tangu mwaka 2021 njia ya haraka hununuliwa kwa simu, na kizazi cha wapangaji kilichokulia humo hujua kubofya kuliko kuchagua.

Yapo mambo mengine yasiyohitaji maelezo marefu. Bustani mbili kwa siku ndio ukomo, na ratiba yenye bustani tatu ni ya kujionyesha. Chakula cha mchana huliwa kabla ya saa tano na nusu au baada ya saa nane. Sehemu ya EPCOT yenye mabanda ya nchi 11 haiguswi asubuhi, kwani kwa kawaida hufunguliwa saa tano. Katika miezi ya kiangazi cha Florida mvua ya radi hunyesha karibu kila alasiri na vyombo vya nje husimamishwa, kwa hiyo ratiba isiyokuwa na saa moja ya ndani haijakamilika, na saa hiyo hujazwa vizuri zaidi na Carousel of Progress, onyesho lililoanzia kwenye maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1964, ambamo watazamaji hukaa vitini na ukumbi wenyewe ndio unaozunguka. Wanaoliita onyesho hilo la kizamani hawajawahi kubeba mtoto mchanga anayesinzia.

Kuhusu mwisho wa siku, wauzaji wa huduma hizi hupenda kuunyoosha muda hadi kwenye fataki za usiku, na wageni huona fahari kuongozwa mpaka hapo. Ni ushauri mbaya. Saa 7 zinazoanza bustani inapofunguliwa humalizika alasiri, wakati watoto wamechoka na joto limezidi, na huo ndio wakati wa kuagana na mwongozaji, kurudi hotelini kulala, kisha kutoka jioni kwa miguu bila ratiba wala kiongozi. Fataki huonekana sawasawa kwa aliyeongozwa na asiyeongozwa, na fedha ya saa za ziada humfaidi anayeziuza.