Panga la Kambi: Lijue Zuri Kabla ya Kulipa

Panga ni kifaa ambacho kila mtu anadhani anakijua. Katika duka la zana za kilimo mnunuzi huuliza bei, analipa, anaondoka. Kwa mkulima hilo si kosa kubwa, kwani panga likimsumbua, nyumbani si mbali na tupa ipo. Lakini anayebeba hema, sufuria, maji na chakula cha siku kadhaa mgongoni hana nafasi ya chuma kisichofanya kazi. Panga lake ndilo shoka, ndilo fyekeo, na mara nyingine ndilo kisu cha jikoni. Uzuri wake hupimwa papo hapo dukani, kwa jicho, kidole, sikio na mkono.

Anza na miti ya unakokwenda

Hakuna panga linalokata kila kitu sawasawa. Magugu na matawi mabichi hutaka bapa jembamba linalopita kwa kasi. Kuni kavu hutaka unene na uzito. Anayepiga kambi kwenye misitu yenye unyevunyevu atachoshwa bure na panga nene. Anayekwenda nyika ya migunga ataliona jembamba likitetemeka na kuurudisha mshtuko wote kiganjani.

Watu wa nchi mbalimbali wamelijibu swali hili kila mmoja kwa miti yake. Khukuri ya Nepal ni fupi, imepinda kuelekea mbele, na mgongo wake ni mnene. Inapasua kuni vizuri, lakini ni nzito na kwenye nyasi haina faida. Panga la Tramontina, kampuni ya Brazili iliyoanza mwaka 1911, lina bapa la karibu milimita 2 na limetengenezwa kwa kufyeka. Parang ya Malaya imekaa katikati, kwa kuwa tumbo lake ni zito na ncha yake nyepesi. Kwa kambi ya kwetu, ambako siku moja unaweza kukutana na vichaka vibichi na magogo makavu, tafuta unene wa karibu milimita 3 kwenye mpini, unaopungua kidogo kidogo kuelekea nchani. Panga lililokatwa kutoka kwenye bati la chuma lenye unene mmoja mwanzo hadi mwisho ni rahisi kulitengeneza, ila huwa zito nchani na huvuta mkono.

Urefu na uzito

Panga la shamba huwa na bapa la sentimita 45 au zaidi. Kwenye begi hilo litachomoza juu na kunasa kila tawi. La kambi lisizidi sana sentimita 35. Likipungua chini ya 25, hilo ni kisu kikubwa, halina nguvu ya kujitupa. Uzito wa gramu 400 hadi 550 unawatosha wengi.

Muhimu kuliko uzito wenyewe ni mahali unapokaa. Liweke panga juu ya kidole kimoja, mbele ya mpini, ulisogeze mpaka litulie bila kuanguka. Mahali linapotulia pakiwa ndani ya mpini, panga halitakusaidia kukata, nguvu yote itatoka kwako. Pakiwa mbele sana, kifundo cha mkono kitauma kabla ya jioni. Vidole vitatu au vinne mbele ya mpini ndipo panapofaa.

Chuma

Usivutiwe na mng'ao. Mapanga mengi ya bei nafuu yasiyoshika kutu huwa laini na hupoteza makali haraka. Chuma cha kaboni, kile kinachopata kutu ukikisahau kwenye umande, ndicho cha kazi hii. Kinanoleka kwa tupa porini, na kinajipinda kidogo kabla ya kuvunjika.

Springi za gari ni za ukoo huo huo wa chuma, na ndiyo sababu wahunzi wetu huzipenda. Mhunzi hodari hukata kipande cha springi, hukipasha mpaka kiwe chekundu kinachoelekea rangi ya chungwa, hukifua kwa nyundo, kisha huchovya upande wa makali kwenye mafuta. Hapo panga limekuwa gumu mno, na likigonga fundo la mti litamegeka. Kwa hiyo hulirudisha kwenye joto la taratibu, hulisugua sehemu ili aione rangi, na kuitazama ikibadilika kutoka manjano kwenda kahawia, zambarau, kisha buluu. Ikifika buluu huliondoa. Muulize unayenunua kwake kama alilirudisha motoni baada ya kulichovya. Anayeijua kazi atakueleza bila kusita.

Rangi hiyo hiyo ya buluu inaweza kuwa dalili mbaya. Ukiiona kama mstari wa madoa kwenye makali yenyewe ya panga lililokwisha kunolewa, ujue mashine ya kunolea imeliunguza na ugumu umepotea pale. Liache.

Vipimo vingine vinne havichukui hata dakika tano. Funga jicho moja ulitazame panga kwa urefu kutoka mpinini. Mgongo na makali viwe vimenyooka. Lining'inize kwa vidole viwili uligonge bapa kwa ufunguo. Likilia kwa sauti safi ni zima, likikwaruza lina ufa au mpini haujakaza. Bonyeza ncha kwenye ubao mpaka bapa lipinde kidogo, kisha achia; likibaki limepinda, halikupitishwa motoni ipasavyo. Mwisho, mwombe muuzaji ruhusa ya kupitisha tupa mara moja kwenye makali karibu na mpini. Tupa iume kwa shida kidogo. Ikiteleza kama juu ya kioo, panga litamegeka. Ikizama kama kwenye nondo ya kawaida, halitashika makali.

Mpini

Hapa ndipo mapanga mengi huharibikia. Chuma kipite ndani ya mpini mpaka mwisho, nawe ukione kwa juu na kwa chini. Mkia mfupi uliochomekwa kwenye mbao au plastiki hung'oka siku ya kazi ngumu, na bapa lililong'oka huruka. Riveti ziwe tatu au zaidi, zimekaa sawa na mbao, bila kukwaruza kidole. Ukiinua mpini kwenye mwanga, nafasi yoyote kati ya mbao na chuma ni njia ya jasho na kutu.

Mwisho wa mpini uwe na kichwa kinachoshuka, ili panga lisichomoke mkono ukilowa. Lishike kwa nguvu na ulitikise. Ukihisi kona popote, hapo ndipo lengelenge litakapotokea. Kona ya mbao hulainishwa kwa msasa nyumbani. Ya plastiki ni shida.

Makali na ala

Panga jipya likiwa butu si hoja, viwanda vingi huacha kazi hiyo kwa mnunuzi. Futa vanishi kwa thina, kisha lisugue kwa tupa bapa upande mmoja mpaka uhisi uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Geuza, rudia, malizia kwa jiwe. Makali ya kambi yasiwe membamba kama ya wembe, yatajikunja kwenye mti mkavu. Safarini, lifute na ulipake mafuta kidogo kila jioni.

Ala isisahaulike, kwani ncha ikipenya begi, inayofuata ni hema au mgongo. Kipande cha bomba la plastiki kilichopashwa moto na kubanwa bapa kinatosha, na fundi wa mtaani anaweza kukitengeneza.

Kumbuka pia kwamba katika hifadhi za taifa kama Kilimanjaro kukata miti na kuwasha kuni hakuruhusiwi. Huko panga libaki nyumbani. Kwenye basi lifungwe ndani ya begi, na kwenye ndege liende na mizigo ya chini.

Kwa mwenye pesa ya panga moja tu, ushauri ni huu: bapa la sentimita 33 hivi, chuma cha kaboni cha milimita 3, mkia unaofika mwisho wa mpini, mbao na riveti. La mhunzi anayejua kazi lishinde la kiwandani lenye rangi nzuri. Na muuzaji akikukataza kulikunja au kuligonga, rudisha pesa mfukoni uende duka la pili.